Vita vya Babu na Kahawa Yake

Wasifu wa babu uliosomwa siku ya mazishi yake ulijaa vita. Waombolezaji walisimuliwa habari za Burma katika Vita vya Pili vya Dunia, za nishani aliyoivaa kila sikukuu ya kitaifa, na za Wajapani waliovizia juu ya miti. Kahawa ilipata aya moja fupi, pale ambapo kwa desturi hutajwa kazi ya marehemu kabla ya orodha ya watoto na wajukuu. Jambo hilo limekuwa likinikera tangu wakati huo. Vitani babu alikaa miaka minne, kwenye kahawa akakaa zaidi ya hamsini, na kwa maoni yangu kahawa ndiyo iliyomdai ujasiri mkubwa zaidi.

Sisemi hivyo kwa kuvidharau vita. Babu alitoka Imenti, Meru, nchini Kenya, akaandikishwa jeshini mwaka 1942 na kuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, na mwaka uliofuata akapanda meli Mombasa kwenda Ceylon (Sri Lanka ya leo), ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilifunzwa kupigana msituni. Meli yake ilifika salama. Wenzao waliosafiri Februari 1944 katika Khedive Ismail hawakuwa na bahati hiyo: nyambizi ya Kijapani iliizamisha karibu na Maldives tarehe 12, wakafa watu karibu 1,300, wakiwemo mamia ya askari wa mizinga kutoka huku kwetu. Katikati ya mwaka huo divisheni ilivushwa mpaka wa India na kuingia Burma, ikapewa kazi ya kuwafukuza Wajapani kwa kuliteremka bonde la Kabaw, tena katikati ya msimu wa mvua, wakati ambapo majeshi mengi yangesubiri. Malori yalizama kwenye tope, chakula kikawa kinaangushwa kwa miavuli kutoka kwenye ndege, na malaria pamoja na homa ya utitiri wa majanini viliwalaza askari wengi. Mwanzoni mwa Desemba waliutwaa mji wa Kalewa, na muda mfupi baadaye wahandisi wakatandika juu ya mto Chindwin daraja la vyuma la Bailey, lile linaloungwa kwa vipande, la zaidi ya mita 350, ambalo wakati huo lilikuwa refu kuliko daraja lolote la aina yake duniani. Babu alilivuka kwa miguu, na jambo alilolikumbuka zaidi ni kwamba lilitikisika.

Mengine aliyoyakumbuka yalikuwa madogo vilevile. Kila jioni walipangwa mstari, na ofisa alisimama mbele ya kila askari mpaka ahakikishe kwamba kidonge cha manjano cha kuzuia malaria kimemezwa, kidonge ambacho baada ya muda kiliwageuza ngozi ikawa na rangi ya manjano. Sisi wajukuu tuliyajua mazoezi hayo kwa vitendo, kwa sababu dawa ya minyoo tulipewa kwa mtindo uleule: mstari mmoja mbele ya jiko, midomo wazi, ulimi juu, na ole wake aliyeficha kidonge shavuni.

Lakini kitu kikubwa zaidi alichokipata vitani hakikutajwa kabisa kwenye wasifu. Katika brigedi yake mlikuwa na kikosi cha Tanganyika, na humo alipata rafiki Mchagga ambaye alimweleza, kana kwamba ni jambo la kawaida kabisa, kwamba baba yake alikuwa na shamba la kahawa na aliuza kupitia chama chao wenyewe cha ushirika kule Moshi. Babu alidhani anatania. Kenya aliyoijua yeye ilikuwa na kahawa ya wazungu wa Kiambu, Thika na Ruiru, na Mwafrika aliingia mle mashambani kama kibarua wa kuichuma. Ni kweli kwamba tangu miaka ya 1930 serikali ilikuwa imeruhusu Waafrika wachache wa Meru, Embu na Kisii waijaribu, lakini majaribio yenyewe yalikuwa madogo kiasi kwamba kijana wa kijiji chetu angeweza kukua bila kuuona mbuni, yaani mti wa kahawa, hata mmoja wa jirani. Maeneo hayo yalichaguliwa kwa sababu yalikuwa mbali na mashamba ya walowezi. Sababu iliyotolewa hadharani ilikuwa magonjwa ya mimea na ubora wa zao. Ile iliyojulikana na kila mtu ni kwamba mtu mwenye kahawa yake haendi kuchuma ya mwenzake kwa ujira wa kibarua.

Aliporudi mwaka 1946 alikuwa na malipo yake ya kuagwa jeshini, koti zito, na uwezo wa kusoma Kiswahili alioupata kambini. Wazungu waliotoka vita vilevile waliandaliwa mpango wa kupewa mashamba nyanda za juu, kama walivyofanyiwa wenzao baada ya vita vya 1914 hadi 1918. Babu hakupewa shamba, wala sidhani kwamba alilitarajia. Wengi wa rika lake walifungua maduka au walichanga fedha wakanunua lori, na biashara nyingi za aina hiyo zilikufa mapema. Yeye alikwenda kwa afisa wa kilimo kuomba kibali cha kupanda kahawa.

Ningependa hapa ndipo msomaji wa wasifu angetua. Kibali kilikuwa cha miti 100, na kilikuja na masharti ya namna ya kupanda, kupogoa na kunyunyiza dawa, pamoja na onyo kwamba mibuni isiyotunzwa ingeng'olewa. Majirani walimwona kama aliyepotea akili. Uvumi uliokuwepo ni kwamba popote penye kahawa mzungu hufuata, na kwamba atakayeipanda atakuwa amewaonyesha walowezi ardhi nzuri ilipo; wala haukuwa uvumi wa kipumbavu, kwani ardhi ilikuwa imechukuliwa kwingine kwa visingizio vidogo kuliko hicho. Wazee wa ukoo walimwita mara kadhaa ajieleze. Risasi humlenga mtu bila kumjua, ilhali lawama za wazee zilimlenga yeye kwa jina lake, na alipaswa kuendelea kuishi miongoni mwao.

Alichimba mashimo yote kabla ya kupewa mche hata mmoja. Alitumia kamba iliyofungwa mafundo kila futi 9, akainyoosha kati ya vigingi viwili, na kila palipoangukia fundo akachimba shimo la futi 2 kwa futi 2, kina futi 2. Udongo mweusi wa juu aliuweka upande mmoja na ule mwekundu wa chini upande mwingine, kisha akayaacha mashimo wazi kwa majuma kadhaa kabla ya kuyajaza kwa ule mweusi uliochanganywa na samadi. Mistari ile bado imenyooka hata leo, ukisimama mwanzo wa shamba unaona hadi mwisho wake. Baada ya hapo ilimbidi asubiri takriban miaka 3 kabla ya mavuno ya kwanza, na katika muda wote huo hakuwa na cha kuwajibu waliomcheka.

Miaka ya Hali ya Hatari, ile ya vita vya Mau Mau, babu hakuisimulia, nami sitajaribu kumsimulia. Ninachojua ni kwamba mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, mpango wa serikali ya kikoloni wa kukuza kilimo cha Waafrika, ulilegeza vizuizi vya mazao ya biashara, na watu waliokuwa wamemcheka wakaja kumuuliza kuhusu miche. Aliwafundisha, ingawa hakuwa mwalimu mpole. Aliitembelea mistari yao kama kwamba ni gwaride.

Kuna kinaya kimoja ambacho yeye mwenyewe alikifurahia kwa namna yake kavu. Baridi kali ilipoiunguza kahawa ya Brazili Julai 1975, bei ilipanda mno katika miaka miwili iliyofuata, na nyumba ya mawe tuliyozaliwa ndani yake ilijengwa kwa fedha hizo. Kisha Julai 1989 mapatano ya kimataifa ya mgao wa mauzo ya kahawa yalivunjika, bei ikaporomoka, na wakulima wakataka kuing'oa. Sheria ikawaambia kwamba mbuni haung'olewi bila kibali. Mtu aliyewahi kuomba ruhusa ya kuipanda sasa alihitaji ruhusa ya kuiondoa, na hivyo alipanda maharagwe katikati ya mistari yake, jambo ambalo nalo lilikatazwa, na ninaamini ndilo kosa pekee la kisheria alilolitenda kwa makusudi.

Hata hivyo, hata wasifu ambao ningeuandika mimi ungekuwa na pengo. Babu alipokuwa Burma, nyanya ndiye aliyelishika shamba. Kahawa ilipoanza kuzaa, yeye na wanawe ndio walioichuma, wakaitandaza kwenye gunia na kuitenga mbichi na nyekundu, wakaibeba mgongoni hadi kiwandani na kupanga foleni hadi usiku, maana kiwanda kilipima kahawa ya siku hiyohiyo tu. Nambari ya uanachama ilikuwa ya babu, na malipo yalitoka kwa jina la babu. Alipofariki, chama kilimtaka nyanya alete barua ya chifu, cheti cha ndoa ambacho hakuwahi kuwa nacho, na hati ya mahakama, kabla ya kulipwa kahawa aliyoichuma kwa mikono yake msimu uleule. Shauri hilo lilichukua muda mrefu, na katika kipindi chote hicho kahawa iliendelea kuiva, naye akaendelea kuipeleka. Nilipomuuliza kwa nini hakuiacha ioze mpaka wamtambue, alinijibu kwamba yeye ndiye aliyeshika ncha ya pili ya ile kamba ya mafundo, na kwamba karani wa chama hakuwepo.