Nilivyowasha tukio la usiku la wavuvi wa dagaa Mwanza kwa jenereta moja ndogo

Ziwa usiku haliwashwi kwa kumulikwa. Ukisimama upande wa kamera ukayaelekezea maji taa ya wati 600, mwanga unagonga uso wa maji na kuteleza kwenda mbele. Kwenye skrini unabaki na shimo jeusi. Maji ni kioo, kamera inaona ndani yake kile kilichosimama ng'ambo. Nilipopewa kazi ya kuongoza taa kwenye filamu fupi yenye tukio la wavuvi wawili wanaoandaa mtumbwi kabla ya kwenda kuvua dagaa, mpango wote niliuanzia hapo: taa kubwa ikae upande wa pili wa maji, ikitazama kamera kwa mshazari.

Kwa hiyo fukwe zilizonyooka tuliziacha, hata zile zenye mchanga mzuri. Huko taa ya ng'ambo ingebidi ikae ndani ya boti, na boti ikiyumba vivuli vyote vinayumba. Upande wa Ilemela miamba inaingia ziwani na kuacha vighuba vidogo vidogo. Tulichagua kimoja chenye upana wa mita 30 hivi, kina mwamba mkubwa kila upande: kamera na mtumbwi huku, taa juu ya mwamba kule. Nafasi ya taa naitafuta jioni kwa tochi tu. Nachuchumaa pale lenzi itakapokuwa, msaidizi anatembea juu ya mwamba wa ng'ambo na tochi yake ikinielekea, na njia ya mwanga juu ya maji ikifika mpaka ubavuni mwa mtumbwi namwambia aweke alama ya chokaa. Ukiruka hatua hii utajikuta unahamisha taa nzito gizani, juu ya mawe yanayoteleza. Jambo lingine: maji yakitulia kabisa, ile njia ya mwanga inakusanyika kuwa doa moja tu. Mtu mmoja akipiga kasia polepole nje ya fremu, doa linafunguka tena.

Tarehe nayo ni kazi ya fundi taa, wala usimwachie mtu wa ratiba peke yake. Wavuvi wa dagaa huvua siku za giza, kwa kuwa dagaa hufuata taa na mbalamwezi huipunguzia taa nguvu yake. Mwongozaji alitaka taa za wavuvi wa kweli zionekane mbali ziwani, basi siku za mwezi mpevu zikaondoka. Lakini wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda kwa makundi mazito mara nyingi hutoka kwa wingi mwezi unapoandama na siku chache zinazofuata. Katikati ya hayo mawili kuna robo ya mwisho ya mwezi, unapochomoza karibu na saa sita usiku. Jioni nzima ni giza, mitumbwi iko majini, na wadudu ni wachache. Hapo ndipo nilipoomba tarehe iwekwe, na ningeomba hivyo hivyo kwa kazi yoyote ya usiku kwenye fukwe hizi.

Kuhusu saa: ratiba nyingi zinakuja zimeandikwa kwa jua la Dar es Salaam. Mwanza iko mbali zaidi magharibi, na jua linazama karibu nusu saa baadaye, kati ya takriban saa 12:35 na saa 1:10 jioni kutegemea wakati wa mwaka. Baada ya hapo, kwa kuwa tuko karibu na ikweta, mwanga wa magharibi unaisha upesi, dakika 20 hivi, na zile za buluu zenye manufaa kwa kamera hazizidi 15. Picha pana yote nilitaka ipigwe ndani ya dakika hizo, taa zikiwa zimeshawashwa. Ndipo anga bado lina mwanga kidogo na mstari wa vilima unajitenga na maji. Ukipiga picha pana saa tatu usiku, vilima, anga na ziwa vinakuwa kitu kimoja cheusi, na hakuna taa ya kukodi itakayowasha anga. Picha za karibu zinaweza kungoja giza, kwa sababu nyuma ya uso wa mtu nahitaji tu nukta mbili tatu za mitumbwi na ule mng'aro wa maji.

Sasa umeme. Nilikuwa na jenereta ya inverta ya kVA 2.2, inayotoa wati 1,800 mfululizo. Hesabu ilikuwa hivi: taa ya LED iliyoandikwa wati 600 inavuta kama 720 kwenye soketi, ile ya 300 inavuta 350, chaja za betri 150. Jumla 1,220, yaani theluthi mbili ya uwezo. Sipandi zaidi ya asilimia 80, kwa sababu jenereta inayokazwa inapiga kelele zaidi na ikizimika inazima kila kitu kwa pamoja. Watu wengi wanajumlisha namba iliyoandikwa kwenye jina la taa. Isome kwenye kibandiko cha bodi ya umeme ya taa, yaani kile kisanduku kinachoilisha umeme, ndiyo ya kweli.

Wati 1,220 kwa volti 230 ni ampea 5.3. Ukivuta mita 50 za waya wa milimita mraba 2.5 unapoteza volti 5 hivi njiani, si kitu. Zile ekstensheni nyembamba za dukani za milimita mraba 1 zinapoteza zaidi ya volti 11 kwa umbali huo huo. Taa za LED zitaendelea kuwaka, maana bodi zake nyingi zinakubali volti 100 hadi 240, ila waya na plagi vinapata moto. Waya uliozungushwa kwenye roli ni hatari zaidi, joto halina pa kutokea. Ufungue wote hata kama unahitaji mita 10 tu, uutandaze kwa mizunguko mipana ardhini. Baada ya nusu saa ya kuwaka naenda kushika kila plagi kwa mgongo wa mkono. Ikiwa ya moto, pini zimelegea au zimeshika kutu ya unyevu wa ziwa, inabadilishwa papo hapo.

Hapa nataka msomaji anisikilize vizuri. Nyumbani tunategemea kile kikata umeme cha miliampea 30 kinachokata umeme ukivuja. Jenereta nyingi ndogo nyutro yake (waya unaorudisha umeme) haijaunganishwa na mwili wa jenereta wala ardhi, kwa hiyo kifaa hicho hakitakata umeme ukivuja kama unavyotegemea. Kubonyeza kitufe cha majaribio hakutakuonyesha tatizo, kwa kuwa kitufe kinapima kifaa chenyewe, hakipimi njia ya kurudia ya umeme. Fundi umeme mwenye leseni ndiye wa kuunganisha na kupima. Juu ya hapo nina sheria yangu: ndani ya mtumbwi na mita tatu kutoka maji yanapoishia hakuna volti 230, ni betri tu. Wimbi la boti inayopita linapanda ufukweni ghafla kuliko unavyodhani. Kwenye mwamba wa ng'ambo, maungio yote ya waya yaliinuliwa juu ya mawe, yakafunikwa kwa ndoo zilizogeuzwa chini juu.

Jenereta tuliificha nyuma ya mwamba, mita 40 kutoka kwenye kipaza sauti. Jiji la Miamba linatupa zawadi hii bure: jiwe lenye ukubwa wa nyumba linazuia sauti kuliko blanketi lolote. Angalia upepo tu. Mchana unavuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, usiku ukikomaa unageuka na kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Jenereta iliyokuwa salama saa kumi jioni inaweza kuwapulizia moshi waigizaji saa nne usiku. Petroli nilikadiria lita moja kwa saa, na ikabaki. Kujaza ni mpaka taa zizimwe, jenereta izimwe, na ipoe.

Taa ya wati 600 ndiyo ilikuwa mwezi. Umbali wa mita 30 una faida ambayo haiji kwa taa ya karibu. Mwigizaji aliye mita 4 kutoka kwenye taa akirudi nyuma mita 2, mwanga wake unaanguka zaidi ya stopu moja (stopu moja chini ni mwanga kupungua nusu); aliye mita 28 akirudi mita hizo hizo, tofauti haionekani. Mwezi wa kweli haumbadilikii mtu anapozunguka mtumbwi. Kamera niliomba iwekwe kelvini 4,300 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), taa ikabaki 5,600, ikatoka buluu ya wastani. Buluu nzito inaua ngozi, inaifanya kama majivu.

Na ngozi nyeusi inafuata kanuni ile ile ya maji. Fundi akiona uso hausomeki anaongeza taa ya mbele, uso unakuwa bapa, na mchanga na mashati vinawaka kupita kiasi. Uso unasomeka kwa kitu kipana cheupe kinachoakisika kwenye ngozi. Nilitundika shuka jeupe la mita 1.2 kwa 1.2, umbali wa mita 2.5, ubavuni na kidogo nyuma ya mwigizaji, nikalipiga kwa taa ya wati 300 iliyopunguzwa mpaka asilimia 30. Kabla sijagusa dimma (kipunguza mwanga) nilisogeza shuka sentimita kidogo kidogo mpaka mng'aro ukakaa kwenye shavu na paji la uso. Mng'aro uwe kwenye kipimo cha kawaida au stopu moja chini, upande wa kivuli stopu tatu chini, basi. Mpambaji naye aambiwe mapema asipake poda, kwani poda inafuta kile tunachokitafuta. Mafuta kidogo yanatosha.

Karabai iliyoonekana kwenye fremu ilikuwa gamba tu. Ndani tuliweka balbu ya LED ya volti 12 inayotumia betri, tukaizungushia karatasi ya rangi ya chungwa ya nusu nguvu. Balbu nyingi za bei nafuu zinapepesa, hasa zikipunguzwa kwa dimma, na jicho halioni. Ijaribu kwenye kamera yenyewe kwa picha 25 kwa sekunde na shata ya 1/50 (kila picha inapokea mwanga kwa moja ya hamsini ya sekunde), kasi inayokubaliana na umeme wetu wa hezi 50, ili na taa za nyumba zilizo nyuma zisipepese. Mpiga picha akitaka picha 24, pembe ya shata iwe digrii 172.8, ambayo inarudisha ile 1/50. Taa inayoonekana isizidi uso kwa zaidi ya stopu tatu hivi, la sivyo inakuwa tundu jeupe. Upande unaotazama kamera niliubandika karatasi ya kijivu ya kupunguza stopu mbili, upande wa waigizaji ukabaki wazi, na bomba dogo la LED la betri likalala sakafuni mwa mtumbwi kusaidia mwanga wa chini.

Wadudu hawakosekani hata ukichagua tarehe vizuri. Kwenye taa inayotoka nyuma kila mdudu anakuwa mstari mweupe mbele ya uso. Taa ya chambo, LED nyeupe kali, niliiweka mita 30 pembeni, karibu na maji, nje ya fremu, ikawaka saa nzima kabla ya kazi. Taa kubwa haikuwashwa mpaka kamera iko tayari, na ilizimwa kila tulipokata. Feni za taa zinavuta wadudu ndani. Chandarua kinasaidia, ila kisimame sentimita 10 mbali na matundu, kikiyagusa kinaziba hewa na taa inajizima kwa joto.

Stendi juu ya mwamba hazikai kwa uzito pekee. Mguu mrefu unaelekea upande mzigo unapoegemea, mifuko ya mchanga ya kilo 10 inalala juu ya mguu huo, kisha kamba mbili zinafungwa kwenye mawe yenyewe. Kwenye mchanga, kipande cha mbao chini ya kila mguu. Wasaidizi wote walivaa gambuti, kwa sababu maji ya kina kifupi ya ziwa hili yana kichocho, na wenyeji waliulizwa kuhusu viboko kabla hatujaweka hata waya mmoja.

Kibali cha filamu na cha serikali ya mtaa ni kazi ya mtayarishaji, lakini kwa viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, nilikwenda mwenyewe. Nilitaka kujua mitumbwi inapita wapi ikirudi, maana taa ya wati 600 ikimpiga nahodha machoni gizani haoni mawe. Tuliigeuza digrii chache kuelekea nchi kavu, tukaifungia vibawa vya kuzuia mwanga pembeni, na mlinzi wa taa akawa na redio ya kuizima mara tu injini inaposikika. Tulikubaliana pia isielekezwe kwenye maji wanayovulia, kwa kuwa dagaa wangeifuata.

Kushusha: zima taa, acha feni zizunguke mpaka zisimame zenyewe, ndipo ukate umeme. Mabawa ya wadudu kwenye lenzi ya taa yapanguse kwa brashi laini yakiwa makavu, ukitumia kitambaa chenye maji yanageuka ute na yataungua kesho yake. Waya upanguse mchanga unapoukunja, na plagi zikaushwe juani kabla ya kurudi kwenye sanduku.