Nilivyompeleka Mama Gede

Mama kazaliwa Tongoni, kusini mwa Tanga, na utotoni akicheza kwenye magofu ya mji wa kale wa mawe, jirani na makaburi ya nguzo, yaani yaliyosimamishiwa nguzo ya mawe. Wakubwa zake walimwambia miji ya mawe kama ule iko mpaka Kenya, mingine na kuta zake. Mwaka jana nikaamua akauone mmoja, Gede, karibu na Malindi, kwa macho yake.

Shida ilikuwa magoti. Safari ya siku moja ingemuumiza, nikaigawa mara mbili. Hati za dharura za kusafiria tulizichukua mapema. Alfajiri tukatoka Tanga, mpakani Horohoro tukagongewa mihuri, Likoni tukavuka kwa kivuko, tukalala Mombasa kwa binamu yangu. Asubuhi tukapanda matatu ya Malindi, makanga akatushusha njia panda ya Gede. Nilimbebea kiti kidogo cha kukunja, na kwa kweli hicho ndicho kilichotufikisha, maana magofu yametawanyika msituni na kutembea ni kwingi.

Kijana aliyetutembeza alimwamkia, "Shikamoo mama," akapunguza mwendo bila kuambiwa. Tukapita ukuta wa nje, wa ndani, msikiti mkuu na kisima chake, nyumba zenye vyoo vya ndani, zote za matumbawe na chokaa. Kima wanaruka juu ya kuta. Mama kimya.

Alipofika kwenye kaburi lenye tarehe, 802 Hijria, yaani 1399, akaomba kiti. Akakaa, akaitazama nguzo ya kaburi la jirani muda mrefu.

"Kwetu yako zaidi ya ishirini," akamwambia kijana. "Nguzo nyingi zimeanguka. Zina vishimo vya mviringo, humo walitia mabakuli ya Kichina. Mabakuli yamebanduliwa, vishimo vimebaki."

Kijana akachuchumaa mbele yake, akauliza msikiti ukoje, watu wanakwenda kutambika? Mama akajibu moja moja, sauti imempanda. Sijawahi kumwona hivyo. Gede imeingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2024; Tongoni bado, na jambo hilo linaniuma.

Tulipoaga, kijana akauliza Tongoni inafikiwaje.

"Ukitoka Tanga shika barabara ya Pangani, mwanangu," Mama akasema. "Bahari iwe kushoto kwako. Ukifika, uliza makaburi, hata mtoto atakupeleka."