Simu imejaa? Anzia kwenye folda za WhatsApp

Simu ikianza kulalamika kuwa nafasi imeisha, wengi hukimbilia galari na kufuta picha moja moja, au hupakua programu ya "kusafisha simu". Hizo za kusafisha achana nazo. Sehemu kubwa ya zinachofuta ni akiba ya muda ya programu nyingine, na baada ya siku chache programu hizo zinakuwa zimeshaijenga upya, tena kwa bando lako. Kazi yenyewe hufanywa na programu ya faili, na karibu kila simu ya Android inakuja nayo.

Kwa matumizi ya kawaida, Files ya Google inatosha. Kwa kuhamisha folda nzima nzima napendelea Material Files: ni ya bure na haina matangazo. Total Commander ina sura ya kizamani, lakini inaonyesha folda mbili kwa pamoja, kwa hiyo unaona unakotoa na unakopeleka. Yoyote utakayochukua nje ya Google itakuomba ruhusa ya kufikia faili zote. Ruhusa hiyo si ya mchezo, maana ukishaitoa, programu inaona hata ile picha ya kitambulisho uliyoipiga ukaisahau. ES File Explorer iliwahi kuwa kipenzi cha watu. Mwaka 2019 ikagundulika kuwa ukiifungua mara moja tu inaacha poti 59777, yaani mlango wa mtandao wa simu, wazi, na mtu yeyote aliye kwenye Wi-Fi hiyo hiyo aliweza kuchungulia faili zako. Mwaka huo huo ikaondolewa Play Store. Ukirushiwa APK yake (faili ya kusakinisha bila kupitia Play Store) leo, usiisakinishe.

Sasa twende kwenye uzito wenyewe. Kwa mtu mwenye grupu la familia, la kikoba, la kanisa au msikiti na la harusi mbili zinazokuja, folda ya WhatsApp ndiyo inayomeza simu. Njia ya kuifikia ni hii: hifadhi ya ndani, Android, media, com.whatsapp, WhatsApp, Media. Ya WhatsApp Business iko jirani, com.whatsapp.w4b. Kabla ya Android 11, iliyotoka 2020, folda hiyo ilikaa mwanzoni kabisa mwa hifadhi ya ndani, kwa jina WhatsApp tu. Simu iliyopandishwa toleo inaweza kuwa nazo zote mbili, kwa hiyo angalia na kule pia.

Ndani ya Media fungua WhatsApp Video, kisha panga kwa ukubwa, kubwa juu. Hapo ndipo nafasi inaporudi haraka. Futa video kumi za juu na unaweza kuachana na picha zote kwa leo. Kisha ingia folda ndogo ya Sent. Ukituma video, WhatsApp huiwekea nakala hapo, ilhali ile uliyorekodi kwa kamera bado iko kwenye DCIM, folda ya kamera. Yaani video moja inakaa simu moja mara mbili, na ya Sent ndiyo iliyobanwa, yenye ubora mdogo. Futa ya Sent, bakisha ya DCIM. Kitakachotokea ni kwamba ukirudi kwenye gumzo na kuibonyeza, haitacheza.

Kanuni hiyo inahusu kila kitu cha humo. WhatsApp hutafuta faili pale pale ilipoiweka. Ukiihamishia kwenye memori kadi au ukibadili jina lake, gumzo litabaki na kivuli cha picha, na ukibonyeza utaambiwa faili haipo. Haijapotea, iko ulikoipeleka, ila WhatsApp haiifuati huko. Ukiifuta kabisa, usitegemee kuipakua tena. Mara nyingi itabidi umwombe aliyeituma airudie. Telegram ni tofauti: vitu vyako viko kwenye seva zake, kwa hiyo unaweza kwenda kwenye mipangilio ya data na hifadhi, ukafuta akiba yote, halafu ukapakua tena unachokitaka.

Majina ya faili za WhatsApp yaache kama yalivyo. IMG-20240315-WA0007.jpg ni picha iliyotumwa au kupokelewa tarehe 15 Machi 2024, namba ya mwisho ni ya mfuatano. WhatsApp huondoa taarifa za ndani ya picha, ikiwemo tarehe ya kupigwa, kwa hiyo jina ndilo linalobaki na siku. Ukinakili picha elfu moja kwenda memori kadi, huenda galari ikazipanga zote kama za leo. Ukiwa na majina, unapanga kwa jina na mwaka unajipanga wenyewe. Ujumbe wa sauti huanza na PTT na kuishia na .opus, nao umegawanywa kwa folda za wiki: 202411 ni wiki ya 11 ya mwaka 2024. Kama unatafuta sauti ya marehemu au maelekezo ya fundi, unajua pa kuanzia.

Nje ya Media kuna folda ya Databases. Humo mna nakala za magumzo, moja isiyo na tarehe, msgstore.db na mkia wa crypt, na nyingine zenye tarehe, za hadi siku saba. Kwa mwenye magumzo mengi, kila moja inaweza kufika mamia ya MB. Zenye tarehe unaweza kuzifuta. Ile isiyo na tarehe usiiguse.

Tatizo jingine linaloleta watu kwa mafundi bure ni faili iitwayo .nomedia. Ni tupu, lakini folda yenye faili hiyo haisomwi na galari. Folda ya Sent huwa nayo. Ukinakili Sent nzima kwenda memori kadi, .nomedia inakwenda nayo, galari haionyeshi kitu, na mtu anaamini picha zimekufa. Kwenye menyu ya programu ya faili washa "onyesha faili zilizofichwa", ifute kwenye ile nakala, zima simu na kuiwasha, picha zitatokea. Unaweza pia kuitumia kwa faida yako: ukiiweka ndani ya WhatsApp Images, vichekesho vya magrupu havitachanganyika na picha za watoto.

Kuhamisha sasa. Ndani ya hifadhi ileile, kuhamisha ni kubadili anwani tu, kunaisha papo hapo. Kutoka simu kwenda kadi ni habari nyingine: simu inanakili kwanza, halafu inafuta ya mwanzo, na hapo katikati ndipo mambo huharibika. Skrini ikizima, simu nyingi za bei nafuu huua programu ili kuokoa betri, nawe unabaki na video nusu. Kwa hiyo usichague "Hamisha", chagua "Nakili". Chomeka chaja, acha skrini ikiwaka. Ikiisha, fungua maelezo ya folda zote mbili ulinganishe idadi ya faili na ukubwa, cheza video mbili tatu kutoka kwenye kadi hadi mwisho, ndipo ufute za kwenye simu.

Ukiona nakala inakataa kwenye faili moja kubwa huku kadi ina nafasi, sababu ni FAT32, mpangilio usiopokea faili ya GB 4 au zaidi. Kadi za GB 32 kushuka huja hivyo. Za GB 64 kupanda huja na exFAT, isiyo na tatizo hilo. Video ya 1080p hula takriban MB 130 kwa dakika kwenye simu nyingi, kwa hiyo nusu saa na dakika chache za sherehe zinatosha kugonga ukuta huo.

Simu ikikuuliza kama kadi iwe ya kubebeka au sehemu ya hifadhi ya ndani, chagua ya kubebeka. Ile ya ndani husimbwa, yaani hufungwa isomwe na simu hiyo peke yake. Simu ikifa au ikirudishwa ilivyotoka kiwandani, kadi haisomeki popote.

Na kadi feki zipo. Inaandikwa GB 128, ndani ina 8, na simu inaamini maandishi. Ukishavuka uwezo wake halisi, majina ya faili yanaonekana, ukubwa unaonekana, lakini hazifunguki. Ijaribu ikiwa mpya, kabla risiti haijapotea: kwenye kompyuta ya Windows tumia H2testw, kwenye Linux tumia F3. Huijaza kadi yote kisha huisoma upya. Kwa kadi kubwa jaribio linachukua saa kadhaa.

Ukifuta kwa Files ya Google, kitu huenda kwenye Tupio na kukaa siku 30, na muda wote huo kinaendelea kula nafasi. Limwage kama una haraka. Google Photos inahitaji tahadhari zaidi. Picha iliyohifadhiwa mtandaoni ukiifuta ndani ya Photos inaondoka simu na mtandaoni. Ukiifuta kwa programu ya faili, inaondoka kwenye simu tu. Ndani ya Photos kitufe salama ni kile cha kuongeza nafasi kwenye kifaa.

Wenye iPad wana programu ya Files tangu iOS 11 ya 2017, na flashi zinasomeka tangu iPadOS 13 ya 2019. Mtego wake ni iCloud Drive, hifadhi ya mtandaoni ya Apple: ukifuta faili hapo, inafutika kwenye vifaa vyako vyote. Ukitaka nafasi tu, bonyeza faili kwa muda na uchague kuondoa kilichopakuliwa. Jina litabaki na alama ya wingu. Uliyofuta kwa bahati mbaya itafute kwenye folda ya vilivyofutwa karibuni, ndani ya siku 30.