Gia boksi ya IST yangu ilivyoanza kuteleza

Jamani hili jambo nimekaa nalo wiki nzima nikaona niliandike tu, maana najua wengi wetu tunaendesha hizi Toyota, IST, Vitz na Premio, za miaka ya 2000 mwanzoni, na siku gia boksi ikianza kusumbua mtu unachanganyikiwa kabisa.

Yangu ni IST ya 2003, oto ya gia nne, yani inabadilisha gia yenyewe. Asubuhi naitoa nyumbani inaenda vizuri, ila jioni nikishakaa foleni Ubungo karibu saa nzima, nikianza kupanda Kimara nakanyaga mafuta, resi inapanda mpaka mshale unagonga elfu nne na gari haivuti, kama vile iko frii, afu baada ya sekunde mbili tatu inashika kwa kishindo. Kesho yake asubuhi iko sawa tena. Hapo ndo inakudanganya. Nikasema ngoja mwisho wa mwezi, nikaendesha hivyo wiki tatu, na hizo wiki tatu zinaniuma mpaka leo.

Siku niliyoshtuka nilikuwa na mama, tunatoka Muhimbili kliniki, tuko katikati ya barabara, daladala nyuma inapiga honi, gari inanguruma tu haiendi. Mama kashika dashibodi ananiuliza "mwanangu, hii gari ina nini?" Nilikosa la kumjibu.

Fundi wa kwanza hata boneti hakufungua. Kaizungusha kidogo, kashuka, "dada hiyo gia boksi imekufa, tafuta used, laki nane, ufundi laki mbili." Hela hiyo sikuwa nayo, na kukosa hela ndo kuliniokoa, maana shemeji akanipeleka kwa mzee mmoja Ilala ambaye kazi yake ni gia boksi tu.

Mzee alisubiri gari ichemke, akaniambia nikanyage breki nipitishe gia zote taratibu kutoka P mpaka L nirudi P, ndo akachomoa stiki ya haidroliki, yani ya kupimia oili ya gia boksi, injini ikiwa inawaka. Hili wengi hatulijui, stiki ya gia boksi haipimwi kama ya oili ya injini. Yangu ina alama mbili, COOL na HOT, gari ikiwa ya moto oili inatakiwa isimame kwenye HOT, mimi haikufika hata COOL. Akaipangusa kwenye kitambaa cheupe akanipa, "nusa mwanangu." Inanuka kuungua, na rangi badala ya nyekundu ni kahawia kabisa.

Sasa oili imeenda wapi? Akalala chini na tochi, inavuja kwenye sili ya ekseli upande wa kushoto, ule mpira unaozuia oili pale shafti ya tairi inapoingia kwenye gia boksi. Miezi miwili nyuma nilibadilishiwa CV joint, kile kiungo cha shafti ya tairi, upande huohuo, na shafti ikichomolewa kwa nguvu inakwaruza ule mdomo wa mpira wa sili. Roho iliniuma sana, yani kitu kidogo hivyo!

Alivyonielezea ni kwamba mle ndani kuna plate za klachi zinabanwa na presha ya oili, oili ikipungua pampu inavuta hewa, presha inashuka, plate zinasuguana badala ya kushikana, zinaungua. Asubuhi oili ni nzito presha inatosha, ikichemka inakuwa nyepesi ndo unaanza kuteleza.

Akabadilisha sili, akafungua sampo, lile bakuli la oili chini ya gia boksi, akaweka filta mpya. Zile sumaku ndogo za ndani zilikuwa na tope jeusi la unga wa chuma, vipande hakuna, akasema afadhali. Oili akaweka T-IV, aina ya oili ya gia boksi za Toyota, kama kitabu cha gari kinavyosema. Mi nilitaka imwagwe yote siku hiyohiyo, akakataa, inatoka ya kwenye sampo tu, kama lita tatu, natembea wiki mbili ndo tunarudia.

Kimara inapanda sasa. Ila ikichemka sana, gia ya pili kwenda ya tatu bado inasitasita kidogo, plate iliyoungua ndo imeungua hairudi, na mzee hakunificha, inaweza kwenda mwaka, inaweza isifike. Kwa hiyo ya kwako ikianza kuteleza usiendelee kuiendesha kama mimi, kapime oili siku hiyohiyo, na ikikuzimikia njiani usikubali ivutwe kwa kamba matairi ya mbele yakiwa chini, tafuta gari ya kuibeba.

Mi sa hivi kila usiku natandika boksi la karatasi chini ya injini, asubuhi naangalia kama kuna doa jekundu. Leo siku ya kumi, kavu. Jumamosi narudi Ilala kumwaga zile lita tatu nyingine.