Nilivyorudisha umbo la gauji zangu kwa msasa wa mkanda (na kibanda kilivyotaka kuungua)

Mimi nakereza mbao. Miguu ya vitanda, nguzo za ngazi, vinu vidogo vya kutwangia vitunguu swaumu, na siku hizi bakuli za mninga, ambazo ndo zinanipa hela ya maana kidogo. Kibanda kipo Keko, Dar, na ukikaa Keko wiki moja tu utajua kila mtu pale ana maoni kuhusu kunoa. Hata mama wa chai anayo.

Maoni niliyopewa sana ni haya mawili. La kwanza, fundi hapimi, jicho linatosha. La pili, chuma kikigeuka bluu usijali, kikipoa kinarudi. Yote mawili yamenila hela.

Shemeji yangu alikuja likizo toka Uingereza akaniletea gauji mbili, ile patasi yenye mfereji katikati, zimeandikwa HSS kwenye shingo, yaani kile chuma kigumu kinachovumilia joto. Zilikuwa tamu hizo, acha kabisa, maranda yanatoka marefu kama tambi. Basi mimi mwaka mzima nikazinoa kwa jicho kwenye grenda, leo naibana hivi, kesho vile, mpaka moja ikawa na ncha kama mdomo wa bata na mabega mawili yamesimama pembeni. Na hayo mabega ndo balaa, maana ukiingia ndani ya bakuli bega moja likigusa ukuta linadaka, na likidaka bakuli haiombi ruhusa. Moja ilitoka kwenye mashine ikapiga chupa ya chai ya jirani. Chupa nililipa, bakuli nikaikuta nusu mbili.

Kwa hiyo kazi ilikuwa siyo kunoa tu, ilikuwa kubadilisha umbo: mabega yarudi nyuma, ncha iwe ya mviringo kama ukucha, na mlalo wa makali, ule mteremko unaosagwa nyuma ya makali, uwe kama digrii 60, kwa sababu bakuli likiwa na kina ukija na mlalo mwembamba wa digrii 40 mpini unagonga mdomo wa bakuli kabla hujafika chini, na hapo chini patasi inakwaruza badala ya kukata.

Nikaanza na grenda, na nikawa na akili kidogo maana sikuanza na za shemeji, nilianza na gauji langu la zamani la kuchongwa na springi ya gari. Grenda inazunguka kama mara 2,800 kwa dakika, jiwe ni lile la kijivu linalokuja nayo dukani. Dakika mbili tu ncha ikawa rangi ya majani makavu, nikasema ah, ikawa kahawia, ikawa zambarau, ikawa bluu safi kabisa, rangi nzuri hata ungeweza kuipigia picha. Nikakumbuka kikipoa kinarudi. Nikakiacha kipoe. Asubuhi nikakereza nacho mguu mmoja wa kitanda, mkongo, hata nusu ya mguu sijafika makali yamelala kama yamechoka safari. Kumbe chuma cha kawaida kikifika hiyo bluu, kwenye digrii 300 hivi, ugumu umeshaondoka na haurudi ng'o, labda usage sehemu yote ya bluu uitupe au ukichome na kukizamisha upya. HSS ndo inavumilia, mpaka digrii 500 na zaidi, kwa hiyo anayekwambia bluu haina shida pengine anaongelea HSS bila kujua anaongelea HSS.

Ndo nikapata wazo la mkanda. Mkanda ni mrefu, unapata muda wa kupoa kabla haujarudi kwenye chuma, na unapita juu ya bamba bapa kwa hiyo mlalo unatoka bapa, siyo wa kubonyea kama wa jiwe. Tena hauishi ukapungua kama jiwe, maana jiwe likishakuwa dogo pembe zako zote zinahama. Zipo mashine za mkanda za kunolea tu, nimeziona kwenye simu, bei yake nikafunga simu. Nilikuwa na ile mashine ya msasa ya mkononi, ya mkanda wa milimita 75 kwa 533, niliinunua mtumba laki na kitu. Nikaigeuza tumbo juu, nikaikamata na klempu mbili kwenye meza, nikafunga kitufe cha kuwashia. Mikanda Kariakoo elfu tano, sita, inategemea umeamkaje na muuzaji.

Sasa sikilizeni ujinga. Ile mashine ina begi la vumbi nyuma. Asubuhi yake nilikuwa nimepiga msasa mbao za paini, begi limejaa unga mkavu mpaka limevimba. Sikulitoa. Nikaweka gauji, cheche zikaanza kuruka, nzuri, nikawa najisikia fundi wa Sheffield, kule Uingereza kwenye sifa ya visu na patasi. Na cheche zote zinanyonywa na feni ya mashine moja kwa moja kwenye begi. Nasikia harufu. Nikadhani ni mama wa chai kaunguza maandazi, nikaendelea. Halafu moshi ukaanza kutoka kwenye zipu, taratibu, kama sigara. Nikazima, nikalivuta begi, nikalitupa nje kwenye mchanga, na lilipotua likapasuka na ule unga uliokuwa unafuka ndani ukapata hewa, wuuu, moto wa juu ya magoti! Ndani ya kibanda kuna maranda gunia sita na kopo la thina. Sikulala vizuri siku hiyo. Toa begi, fagia chini, na usisogeze pua ya mashine kuelekea kwenye maranda. Na miwani jamani.

Kosa lingine dogo: mkanda una mshale na mashine ina upande inaokimbilia. Weka patasi ili mkanda ukimbie kuelekea kule ncha inakoangalia. Mimi niliweka kinyume, mkanda unakuja usoni kwa makali, kona ikauchana kutoka mwanzo mpaka mwisho. Elfu tano hiyo.

Baada ya hapo ndo ikaja akili yenyewe, na hii najisifia maana hakuna aliyenifundisha pale Keko. Nilikata kabari za mbao ngumu, moja digrii 60, moja 45 ya gauji kubwa la kutolea pembe za mti, moja 40 ya gauji la nguzo. Kabari inasimama jirani na mkanda, shingo ya patasi inalala juu yake, basi pembe ni ile ile leo na mwezi ujao. Pembe nilizipima na kipimapembe cha mwanangu wa darasa la sita. Jicho libaki kuangalia mpira.

Na umbo usianze na mlalo! Hapa ndo nilipoteza chuma kingi. Geuza gauji mfereji uangalie chini, mkanda namba 80, usage umbo kwanza, rudisha mabega nyuma kidogo kidogo kushoto na kulia mpaka ukiangalia toka juu ni ukucha. Makali yote yatakufa, utaona mstari mweupe unang'aa kuzunguka ncha, usiogope. Sasa geuza, laza kwenye kabari, paka mlalo wote maka peni nyeusi, halafu viringisha huku mpini unapepea kushoto kulia. Wino unapofutika ndipo mkanda unapogusa. Ule mstari mweupe utakuwa unapungua. Pale mnene kaa zaidi, pale mwembamba pita haraka, ncha hasa usiikalie, inaisha upesi na ndo unapata tena mdomo wa bata. Mstari ukipotea tu, acha. Papo hapo. Badilisha mkanda namba 240, pitisha mara mbili tatu, gusa ndani ya mfereji utasikia kinyuzi kinakwaruza kidole, basi imekubali.

Gauji la kwanza lilinichukua mchana mzima pamoja na umeme kukatika. La pili kama saa moja. Kunoa kwa kawaida sasa hivi ni dakika, hata chai haijapoa, na kwa mpingo inabidi nirudi kwenye mkanda kila baada ya muda mfupi maana ule mti hauna huruma.

Mzee mmoja wa kibanda cha tatu, yule wa jicho linatosha, alikuja akaangalia kabari zangu akacheka. "Kijana, na wewe umekuwa wa kupima?" Nikamwambia ndiyo mzee, jicho langu limechoka. Juzi jioni kamtuma dogo wake na gauji mbili kwenye mfuko wa rambo, eti mzee anaomba zipitie hapo, ila nisimwambie mtu.

Kinachonishinda bado ni ile patasi bapa iliyokatwa mshazari, kona yake kali inaula mkanda hata nikiweka upande sahihi. Hiyo nairudisha kwenye jiwe, kwa mkono, na maji.