Korongo letu, msimu wa pili

Desemba, Jumamosi ya kwanza

Mvua bado. Jioni mawingu hujikusanya upande wa Mpwapwa, watoto wanaanza kushangilia, kisha upepo unayachukua. Leo nimeenda kupima kina cha maji ya korongoni na vijana wanane wa kundi letu. Mwaka jana tulizamisha bomba la plastiki lenye matundu ndani ya mchanga wa korongo. Tunashusha kamba yenye jiwe mpaka tusikie limegusa maji. Leo ni mita 2 na sentimita 40. Wakati kama huu mwaka jana ilikuwa mita 1 na sentimita 90. Nimeandika daftarini, roho ikaniuma.

Kwa anayesoma mara ya kwanza: mimi ni fundi cherehani, kijiji kimoja wilaya ya Chamwino. Korongo letu hupitisha maji siku chache tu kwa mwaka, siku nyingine zote ni mchanga mweupe. Ila chini ya mchanga kuna maji, na kina mama huchimba visima vya mkono humo kiangazi chote. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka mzima. Huo mchanga ndio tenki letu.

Desemba, katikati

Msimu uliopita tulipanda miche 150 kwa shangwe kubwa. Kufika Agosti ilibaki tisa. Mbuzi walikula mingine, jua likamaliza iliyosalia, na vijana watatu wakaacha kuja. Siwalaumu. Kumpa kijana mche, kumpiga picha, halafu kumwacha autazame ukikauka, hilo ni jambo la kumvunja moyo.

Mwaka huu hatupandi. Tunafanya kisiki hai, njia iliyoenea sana hapa Dodoma tangu 2018. Miti iliyokatwa zamani mizizi yake bado iko hai. Unachagua machipukizi machache yenye nguvu, unapogoa mengine, unafunga kitambaa ili kila mtu ajue mti huu una mlinzi, kisha unaulinda. Haumwagiliwi, maana mizizi ilishafika chini kitambo. Vitambaa ni mabaki ya cherehani yangu, vyekundu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, basi tulifunga mafundo kwenye kamba, tukapima hizo mita 60, na ndani yake tumefunga visiki 83. Migunga ndiyo mingi, mikwaju michache.

Babu yangu mzaa mama ni wa Kondoa. Anakumbuka mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma), wa kuzuia mmomonyoko, ulioanza 1973, na jinsi mifugo ilivyoondolewa mwaka 1979 kwenye ardhi iliyoliwa na makorongo. Anasema majani yalirudi hata pale ambapo watu walishakata tamaa. Nimewasimulia vijana, wakanyamaza kidogo, kisha mmoja akauliza: "Na wenye ng'ombe walienda wapi?" Swali hilo sijaacha kulifikiria.

Januari

Hili ndilo nililotaka kuliandika kwa kirefu.

Tangu serikali ihamie Dodoma, ujenzi mjini haupumziki, na mchanga wa makorongo unatafutwa. Malori yanafika mpaka kwetu. Wanaopakia ni vijana wa hapahapa, wawili kati yao walikuwa kundini mwetu. Kikaoni wenzao walitaka tuwafukuze na tuwashtaki. Nikakataa. Kijana anayeshika chepeo kutwa nzima anatafuta hela ya unga, na kumtenga hakumwongezei njia ya kuipata.

Nikawafuata kivulini kwenye mkwaju, nikaenda na chai. Walianza kwa kunikwepa macho. Baadaye mmoja akasema, "Mama, sisi tunajua maji yalipo kuliko nyie." Ni kweli. Chepeo zao hugonga mwamba. Walinionyesha sehemu tatu ambapo mwamba umevuka korongo chini ya mchanga kama ukuta, na upande wa juu wake mchanga huwa na unyevu hata Oktoba. Sisi na bomba letu tulikuwa tumepima mahali pamoja tu kwa mwaka mzima.

Jumamosi iliyofuata tulifanya jaribio nao. Ndoo ya lita 20 tukaijaza mchanga mkubwa uliokauka, tukamimina maji polepole mpaka yakafika juu: yaliingia lita 7. Tukatoboa chini, tukasubiri. Zilitoka lita 5, nyingine zimeng'ang'ania mchanga. Yule kijana akachukua kijiti akapiga hesabu ardhini. Lori lao hubeba mita za ujazo 5, yaani lita 5,000, na robo yake ndiyo maji yanayotoka, kwa hiyo kila tripu inaondoa nafasi ya lita 1,250. Madumu 62 na kitu. Akaifuta hesabu kwa mguu, akaiandika tena, ikatoka ileile.

Wamekubali kutochimba upande wa juu wa ile miamba mitatu, na mwenyekiti wa kijiji ameandikisha. Upande wa chini bado wanachimba. Sijaridhika, ila nimeheshimu neno lao.

Februari

Korongo limeshuka mara mbili, usiku, kwa kishindo. Vyura waliojifukia kiangazi chote wametoka, kelele tupu.

Binti mmoja wa kidato cha pili ameanza daftari la nyayo. Huenda kisimani alfajiri kabla ya ndoo kufika, anachora alichokuta mchangani: kanga, tetere, digidigi, mara moja nyegere. Sikuwahi kufikiri kwamba kisima alichochimba mama kwa kibuyu kinanywesha wote hao. Ameomba kina mama waache upande mmoja wa shimo uwe mteremko ili wanyama wadogo wasitumbukie. Wamekubali.

Machi, leo

Bomba la kwanza: sentimita 35. Upande wa juu wa mwamba wa kati, ambako tumeweka bomba la pili: sentimita 20. Hesabu ya kweli tutaiona Oktoba. Kamba ameshika yule kijana wa chepeo, na amesema Jumamosi ijayo anakuja na mdogo wake.

Visiki 71 kati ya 83 vina machipukizi marefu kupita goti langu. Vitambaa vyekundu vimeniisha. Wiki hii nashona sare za shule, mabaki yake ni ya bluu, nayo tutafungia ng'ambo ya pili.