Riwaya ya Siku 30: Novemba Waachieni Wenyewe

Oktoba ikifika, maswali huanza: nani anaandika riwaya mwezi ujao? Wenye NaNoWriMo, shindano la Kimarekani la kuandika riwaya ndani ya Novemba, walitangaza Machi 2025 kwamba shirika linafungwa, lakini shabaha yao bado imo vinywani mwa watu: maneno 50,000 kwa siku 30, yaani 1,667 kila siku. Hakuna tena wa kukusajili wala wa kukupa cheti. Basi ikiwa mwezi hauna mwenyewe, kwa nini tung'ang'anie Novemba?

Novemba ilichaguliwa kwa hali ya hewa ya Marekani. Mara ya kwanza, mwaka 1999, mwanzilishi wake, Chris Baty, na wenzake, jumla watu 21, waliandika mwezi wa Julai huko San Francisco. Mwaka uliofuata wakahamia Novemba, kwa sababu hali ya hewa ya kule wakati huo humfungia mtu ndani. Hapa Amu, yaani Lamu, mambo ni kinyume. Kusi imekwisha, kaskazi haijashika sawasawa, joto limerudi, na chumba cha juu hakikaliki baada ya adhuhuri. Wageni wanaanza kurejea, na tamasha la utamaduni mara nyingi huangukia humo humo likala siku tatu nne.

Juni nayo ina siku 30. Kusi inavuma, bahari imechafuka, watalii ni wachache, na usiku una ubaridi wa kumweka mtu kitini. Kasoro yake ni mabaki ya masika. Kama paa lako ni la makuti, jua mapema pa kuweka meza.

Ukipenda kuhesabu kwa mwandamo, kumbuka mwezi huenda ukaisha kwa siku 29, na hapo 1,667 inakuwa 1,725. Mfungo Sita usiuguse kabisa: Maulidi yamejaza mji na kila nyumba ina wageni wa kulazwa. Ramadhani wako wanaoiweza, kati ya tarawehe na daku, lakini si kwa anayeanza.

Sasa hesabu yenyewe, maana hapa ndipo wengi wanapojiona wavivu bure. Simu ikihesabu, “hatukuwaona” ni neno moja. Kiingereza kinataka maneno matano kusema hilo hilo. Kweli tuna vijineno kama “ya”, “kwa” na “na” vinavyotufidia, ila fidia hiyo haijazi pengo. Maneno 50,000 ya Kiswahili ni hadithi ndefu kuliko 50,000 ya Kiingereza. Shabaha ya haki kwetu ni 40,000. Huko si kujipunguzia mzigo. Ni kupima mchele wetu kwa pishi yetu. Ukitoa Ijumaa nne unabaki na siku 26, na kila siku maneno 1,539.

Usiikubali namba hiyo kabla hujajipima. Siku tatu kabla ya kuanza, andika dakika 20 kila siku bila kufuta, kisha tafuta wastani. Ukitoa maneno 400 kwa dakika 20, unahitaji vikao vinne kwa siku: viwili baada ya alfajiri, kabla joto halijapanda, na viwili baada ya isha. Anayeandika kwa mkono ahesabu maneno ya mistari kumi, agawe kwa kumi, azidishe kwa mistari ya ukurasa. Ukurasa wa mistari 25 wenye maneno manane kila mstari ni maneno 200. Mswada mzima ni kurasa 200. Kaunta buku moja nene au mbili zitatosha.

Simu ina adui wake: kisahihishi. Usipokizima, “kama” inageuka “karma” na hutaliona kosa hilo hadi miezi baadaye. Kizime, au chagua Kiswahili kwenye kibodi. Andika kwa programu inayohifadhi bila intaneti, na kila usiku jitumie faili kwa barua pepe likiwa na tarehe kwenye jina lake. Stima ikikatika utapoteza kikao. Faili moja lisilo na nakala likiharibika utapoteza mwezi.

Kabla ya siku ya kwanza uwe na matukio 20, kila moja la maneno 2,000 hivi. Tukio liandike kwa mstari mmoja: nani anataka nini, nani anamzuia, nini kimebadilika mwishoni. Ukiwa na 12 tu, anza. Mengine yatakuja njiani. Ukiwa nayo manne, subiri. Juma la pili ndilo linaloua riwaya, karibu na neno la 12,000, na chanzo huwa kile kile: wahusika wameshajulikana, nyumba na mitaa imeshaelezwa, lakini hakuna aliyepoteza kitu. Mwandishi hudhani amechoka, kumbe hadithi ndiyo isiyo na kizuizi. Mpe mhusika hasara siku hiyo hiyo: jahazi limezuiwa, posa imerudishwa, barua imesomwa na asiyestahili.

Kuna ugonjwa mwingine, na huu ni wetu wenyewe: salamu. Mtu anapiga hodi, anakaribishwa, anaulizwa habari za nyumbani, za watoto, za safari, na maneno 60 yameshapita bila jambo. Katika maisha ni adabu. Katika riwaya ni mchanga ndani ya wali. Bakiza salamu zile tu ambazo mtu amekataa kuziitikia. Mfululizo wa “akaenda, akafika, akaketi, akasema” nao ni dalili kwamba unasimulia kwa mbali. Ukiona “-ka-” tano zimefuatana, simama, mwonyeshe mtu mmoja akitenda jambo moja.

Lahaja uiamulie mapema. Njia inayofanya kazi vizuri ni msimulizi kusema Kiswahili sanifu, na wazee wa mtaa wa Mkomani wakaseme Kiamu chao: moya, ndia, mato, tini, yaani moja, njia, macho, chini. Weka karatasi ya tahajia kando, neno moja kila mstari. Bila hiyo, bibi atasema “ndia” sura ya pili na “njia” sura ya tisa, na msomaji wa Amu atakucheka kabla ya kukusamehe.

Usipokumbuka jina la kamba ya jahazi au bei ya kitu, usiende kutafuta. Andika xx na uendelee. Kiswahili sanifu hakina herufi x, kwa hiyo ukitafuta xx baadaye utaletewa mapengo yako tu.

Nyumbani waambie saa yako, si kazi yako. Ukisema unaandika riwaya utatumwa sokoni. Ukisema una kazi hadi saa moja na nusu, utaachwa.

Mwezi ukiisha, usimpe mtu asome. Ufungie mswada wiki sita, kisha ufungue kwa kutafuta xx, halafu salamu, halafu kurasa za kwanza, ambazo kwa kawaida ndizo za kukatwa. Tuzo ya Safal-Cornell, iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, imekuwa ikipokea miswada ya riwaya za Kiswahili. Soma masharti ya mwaka husika kabla ya kukata chochote, usije ukapunguza kurasa ambazo wenyewe wanazihesabu.